Nodi ya Bitcoin kwenye laptopu iliyopasuka kioo, na wataalamu wa mtaani

Jamani ukitaka kuendesha nodi ya Bitcoin nyumbani, yaani kompyuta inayotunza daftari zima la hiyo sarafu ya mtandaoni, usianze kwa kuwauliza wauza kompyuta. Mimi Kariakoo niliambiwa ninunue kadi ya grafiki ya mamilioni, ili iweje? Nodi haichimbi kitu, yaani haishindani kutengeneza sarafu mpya, kazi yake ni kutunza miamala yote tangu Januari 2009 na kuhakiki kila bloku mpya (fungu la miamala) inayoingia, na hailipi hata senti tano, anayetaka faida akakaange chipsi.

Akaja jamaa mwingine anajiita mtaalamu, eti hadidiski ya kawaida ya TB 1 inatosha kabisa. Tukaifunga kwenye desktopu la mtumba. Programu ya Bitcoin ikaanza kushusha na kuhakiki historia yote, miaka ya mwanzo ikapita fasta, jamaa akaanza kutamba, kumbe ni kwa vile bloku za zamani zina miamala kiduchu. Kufika 2015 hivi mambo yakagoma, diski inakwaruza usiku kucha, asilimia haisogei, prosesa yenyewe imekaa tu haina kazi. Katikati ya hapo umeme ukakatika, uliporudi programu inadai ijenge hifadhidata upya. Jamaa simu hapokei mpaka leo.

Nikakaa nikasoma mwenyewe. Kuna bloku zenyewe, sasa hivi zaidi ya GB 700, hizo zikishaandikwa zinakaa tu, halafu kuna chainstate, orodha ya sarafu ambazo hazijatumika, GB kumi na kitu tu lakini inapekuliwa kila muamala, kama daftari la madeni la mangi. Hiyo ndiyo inayolilia SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka!

Sasa sikia. Stoo kulikuwa na laptopu ya shemeji, kioo kimepasuka, i5 ya zamani, RAM GB 8. Nikang'oa kile kidude cha DVD, pale pale nikachomeka kifremu cha elfu kumi na kitu chenye ile hadidiski, na pale ilipokaa diski ya asili ya laptopu nikaweka SSD ya GB 240. Kwenye bitcoin.conf, faili la mipangilio ya programu, unaandika blocksdir na njia ya kwenda kwenye hadidiski, bloku zinaenda huko, chainstate inabaki SSD. Nani kasema lazima ununue SSD ya TB 2? Kioo ndo hivyo hakipo, nikaunga HDMI kwenye tivii ya sebuleni, tamthilia ya mama watoto ikasubiri, alininunia huyo!

Dbcache, yaani RAM inayotengewa hiyo chainstate, ipandishe wakati wa kusinki (kushusha historia mpaka uifikie leo), kwangu kawaida ilikuwa MB 450 mimi nikaweka 4000, na usiogope umeme kukatika maana laptopu ina betri yake, wenzako wananunua UPS. Ila zima ile tabia yake ya kulala ukifunga mfuniko.

Bando la simu sahau. Kuna wanaokwambia weka prune, mpangilio wa kufuta bloku za zamani, utaokoa bando, uongo, prune inaokoa nafasi ya diski tu, bloku zote lazima uzishushe uzihakiki ndo zifutwe. Mimi nilivuta faiba isiyo na kikomo. Luku wala sioni tofauti.

Na ukifungua port 8333, mlango ambao nodi nyingine zinaingilia kwako, weka maxuploadtarget (kikomo cha data unazowatumia wengine) mapema, la sivyo watu wa dunia nzima watashusha historia yote kutoka kwako na watoto watalalamika katuni inakwama.