Siku yangu na mikanda minne, Pemba

Saa 12 asubuhi. Chai, mkate wa jana, mikanda minne mkobani. Kila mkanda una kidude kidogo kinachokaa kiunoni na kurekodi mtikisiko wa mwili. Kazi yangu ni kupita majumbani kwa watu wenye maradhi makubwa ya akili, nipime wanatembea kiasi gani. Kwa wastani hufariki miaka 10 hadi 20 kabla ya wengine, mara nyingi kwa maradhi ya moyo na mengine ya mwili, wala si kwa hicho mtaa unachokiita wazimu.

Saa 2. Wesha. Bahari chafu, kwa hiyo mwenyeji wangu nimemkuta barazani anashona wavu. Mkanda kauvaa siku 7. Mama yake kauliza tena, mara ya tatu hii: "Mwanangu, hicho hakina kamera kweli?" Hakina, mama.

Nikachomeka kompyuta. Siku iliyovaliwa chini ya saa 10 hatuihesabu. Zake zote zimetimia (mimi ningeshausahau msalani). Ila Jumatano inaonesha kakaa kutwa. Akacheka. "Kukaa? Nimepiga kasia mpaka mikono ikafa ganzi!" Kweli, mtumbwini kiuno hakiendi popote.

Ndiyo maana tuna na dodoso, SIMPAQ, lililojaribiwa nchi 23 kwa wagonjwa kama hawa. Mafungu matano: kitandani, kukaa, kutembea, mazoezi, shughuli ndogondogo, jumla ikaribie saa 24. Ukimuuliza mtu alikaa saa ngapi, atakwambia "kidogo tu". Mimi huuliza kwa sala: baina ya Adhuhuri na Alasiri ulikuwa wapi? Hapo hupata jibu.

Saa 5. Gombani. Mama wa makamo, hatua zake tele, hata usiku wa manane. Mwaka wangu wa kwanza ningeshangilia. Dada yake akaninong'oneza: "Hatulii tangu abadilishiwe dawa. Akikaa tu, miguu inamtaka ainuke." Baadhi ya dawa za saikosisi (hali ya kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo), haloperidoli mojawapo, huleta hali hiyo, na mashine huyahesabu mateso yake kuwa mwendo. Nikampigia muuguzi palepale.

Saa 7. Muhogo na pweza.

Saa 9. Kunakili takwimu. Umeme ukakatika. Kuanza upya.

Baada ya Isha najaza daftari. Kando ya Jumatano nimeandika: kasia. Yule wa Wesha kakubali kuvaa wiki nyingine, mkononi mara hii, ila mama yake anataka kwanza nikifungue kile kidude aone ndani.