Mradi wa mida miwili: wimbi la kwanza limelipuka, la pili limetulia

Kwa mnaoanza kufuatilia leo, naandika programu ya Python inayochora wimbi kwenye ulimwengu wenye nafasi moja, x, ila muda una dimensheni mbili, t na s. Tangu mwanahisabati Hermann Minkowski alivyounganisha nafasi na muda mwaka 1908 tunahesabu nafasi tatu na muda mmoja, na kwenye mlinganyo wa wimbi (hesabu inayoeleza wimbi linavyosafiri) muda unabeba alama, jumlisha au toa, tofauti na nafasi, kwahiyo kuuandika muda wa pili kwenye karatasi ni kuongeza kipande kimoja tu basi. Mimi nataka kuona ukikimbia unafanyaje.

Jumamosi, Nkuhungu. Upepo wa Dodoma mnaujua, madirisha yamefungwa vumbi lisiingie kwenye laptopu na feni inavuma muda wote. Nimeanza na wimbi la kawaida la muda mmoja ili nihakikishe kodi iko sawa, likaenda freshi kabisa, afu nikaongeza s, nikaweka kinundu kidogo katikati ya gridi (pointi za x na s, programu inasonga mbele kwenye t) nikairani, yaani nikaiendesha. Mwanzo kinasambaa vizuri. Ghafla kwenye mstari wa s namba zikaanza kupishana, chanya hasi chanya hasi, kila pointi inapingana na jirani yake, zikafika maelfu, zikafika mabilioni, mwisho skrini nzima imejaa nan, yaani kompyuta inasema "hii si namba".

Hiki ndo nilikuwa nakisubiri. Mikunjo, yaani vijiwimbi vinavyounda wimbi zima, ambayo upande wa s imebana kuliko upande wa x haipandi na kushuka kama wimbi, inakua tu, na kadiri ilivyobana ndo inakua haraka. Ukipiga hesabu, kwenye gridi ya hatua 0.1 (umbali kati ya pointi na pointi) kosa dogo linaweza kukua karibu mara milioni 485 ndani ya uniti moja ya muda, ukiipunguza hatua iwe 0.05 linakua zaidi ya mara 2 yenye sufuri 17 nyuma yake, wakati kompyuta inashika tarakimu kama 16 tu. Yaani ukiboresha gridi ndo unazidi kuharibu! Mwanafizikia Max Tegmark aliliandika hili 1997, kwamba kiumbe wa ulimwengu wa hivyo asingeweza kutabiri chochote kinachokuja, na mimi naona hoja yake ina nguvu kweli.

Dogo ninayekaa naye akauliza, "Kaka, sasa tukikubaliana tukutane saa nne, hiyo ni saa nne ya muda upi?" Swali zuri sana hilo. Mngehitaji namba mbili. Na kuna zaidi: muda mmoja ni barabara ya kwenda Singida ambayo hairuhusu kugeuza gari, ila mida miwili ni kama uwanda wa Bahi wakati wa kiangazi, unakata kona taratibu mpaka unajikuta unaelekea jana bila kusimama popote.

Jumapili. Hapa ndo pamenifurahisha. Mwaka 2009 mwanahisabati Walter Craig na mwanafalsafa wa fizikia Steven Weinstein walionyesha kwamba mlipuko unazuilika ukiweka sharti kwenye hali ya kuanzia. Kwa gridi yangu maana yake naruhusu tu mikunjo ambayo upande wa s ni mipana kuliko upande wa x, mingine yote nafuta kwa Fourier (hesabu inayochambua wimbi kuwa mikunjo mmoja mmoja), na nafuta tena kila hatua ya t maana makosa ya kompyuta huirudisha. Nimerani usiku kucha, wimbi limetulia tuli.

Ila angalieni gharama yake. Kile kinundu changu hakiruhusiwi tena kukaa peke yake katikati, kikishachujwa kinaacha mikia hadi mbali kwenye gridi, na ukigusa pointi moja lazima na za mbali zibadilike ili sharti litimie. Kwahiyo kwangu jibu si kwamba mida miwili haiwezekani. Inawezekana, ila unapoteza uhuru wa kufanya jambo hapa bila kule kuhusika, na uhuru huo ndo kila jaribio la fizikia linautegemea. Mwanafizikia Itzhak Bars alipita njia nyingine, nafasi nne na mida miwili pamoja na simetri (kanuni ya ulinganifu) kali inayobana kila kitu mpaka tunaobaki kuuona ni muda mmoja. Hiyo bado naisoma, ni nzito.

Kinachofuata ni kuruhusu mawimbi yagusane, yaani kwenye mlinganyo yazidishane. Kwenye karatasi tayari naona hatari: chukua mkunjo wenye x 3 na s 2 (unajirudia mara 3 upande wa x na mara 2 upande wa s), zidisha na wenye x -3 na s 2 (alama ya toa ni mwelekeo wa kinyume), namba zinajumlishana, wote wametimiza sharti, lakini unapata mmoja wenye x 0 na s 4, ambao uko nje kabisa. Yaani ulimwengu wenyewe unazalisha kile tulichokikataza. Kodi yake iko tayari, umeme usipokatika nairani leo usiku bila kuchuja katikati, na natabiri nan.