Kabla hawajasema mtoto wako ana tatizo la kuongea

Hapa Lexington, Kentucky, Kiswahili unakisikia dukani, kanisani na kwenye basi la shule. Familia nyingi za Wakongo waliopokelewa hapa zimepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo tukikutana tunaanza kwa kuulizana habari za mvua na bei ya mawese. Ninafanya kazi shule za umma kama mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Nilisoma hadi shahada ya uzamili, nikatimiza saa 400 za mazoezi, nikafanya mtihani wa taifa, kisha nikafanya kazi chini ya msimamizi kabla ya kupewa cheti.

Wengi wa watoto ninaowahudumia ni wazaliwa wa hapa hapa. Kuna waliosumbuliwa na r ya Kiingereza, ambayo hata wenyewe huwapa tabu, kuna wenye kigugumizi, wenye usonji, na wengine wanaozungumza kwa kubonyeza picha kwenye tableti. Huja kwangu wawili au watatu kwa nusu saa, kioo kikiwa mezani ili waone ulimi unafanya nini, halafu wanarudi darasani. Baada yao ni makaratasi, mengi kweli kweli.

Lakini ninachotaka kukiandika leo ni habari ya watoto wetu, kwa sababu wanaumizwa kwa namna mbili, na wazazi wengi hawajui.

Namna ya kwanza: mtoto mzima kabisa anaonekana mgonjwa. Mwalimu ananiletea jina. Anasema huyu husema "sikulu" badala ya "school" na "miliki" badala ya "milk", huchanganya "he" na "she", hutaja vitu vitatu bila kuweka s mwishoni, tena hanyanyui macho wala hajibu. Mswahili yeyote akisoma orodha hiyo anaelewa. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, neno letu "yeye" ni moja kwa mwanamume na mwanamke, wingi tunauweka mwanzoni mwa neno, na mtoto aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mtu mzima. Tena kukaa kimya miezi kadhaa ni kawaida kwa mtoto aliyetupwa ndani ya lugha mpya. Anasikiliza, anakusanya.

Vipimo navyo vinamwonea. Vimepangiwa alama kwa kufuata watoto wa Kimarekani. Nimemwona mvulana wa miaka saba akionyeshwa picha ya mashine ya kuchomea mkate. Akaitazama, akanitazama, akanyamaza. Kwa karatasi ile, hiyo ni sifuri. Nikamwuliza kwa Kiswahili nyumbani kwao ugali unapikwaje. Alinieleza kuanzia maji kuchemka, unga kumiminwa kidogo kidogo, mama kuusonga na dada kushika sufuria isiteleze, hadi nani hunawishwa kwanza. Mtoto anayeweza kupanga jambo refu namna hiyo hana ugonjwa wa lugha. Anachohitaji ni kufundishwa Kiingereza, na hiyo ni kazi ya mwalimu mwingine. Sheria ya taifa ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyoanzia mwaka 1975 na sasa inaitwa IDEA, imesema wazi: mtoto hawezi kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, na apimwe kwa lugha itakayoonyesha uwezo wake wa kweli.

Namna ya pili inaniuma zaidi, kwa kuwa haina kelele. Mtoto ana tatizo la kweli, ila kila mtu anasema "tumwache ajifunze Kiingereza kwanza." Nilimpokea binti mmoja aliyesubirishwa hivyo katika shule aliyotoka, darasa hadi darasa. Faili lilisema lugha yake ni Kiswahili. Nilipozungumza na mama yake, mzaliwa wa Fizi, kule Kongo, nikagundua kwamba nyumbani wanaongea Kibembe, na Kiswahili ni cha kanisani na cha majirani. Tukatafuta mkalimani. Nikamwuliza mama: ukimlinganisha na wadogo zake, anaongeaje? Akajibu bila kufikiri: "Mwalimu, huyu hata kwetu anasema vipande vipande. Mdogo wake ndiye anamsemea." Jibu hilo lilinifaa kuliko alama zote zilizokuwa kwenye faili. Mwenye ugonjwa wa lugha anao katika lugha zake zote. Anayekwama kwa Kiingereza peke yake ni mwanafunzi tu. Sasa binti huyo yuko kwenye mpango wa huduma shuleni, na ameanza kusimulia hadithi ya sungura na fisi yenye mwanzo na mwisho. Miaka aliyopotezewa hatarudishiwa na mtu.

Wazazi wengi huogopa karatasi ya shule inayoomba ruhusa ya kumpima mtoto. Wanadhani mtoto atapelekwa kwa "vichaa", au wao wameonekana hawajui kulea. Mama mmoja wa Tanga aliniuliza kama angemkata mwanawe udata, ule utando wa chini ya ulimi, mapema haya yangemkuta. Hapana, mama, ulimi ulioshikwa hauzuii mtoto kujifunza maneno. Wapo pia wanaoshauriwa na walimu waache kuongea Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kiingie. Nasema kwa nguvu zote: msikubali. Lugha mbili hazimlemazi mtoto, na mzazi anayejilazimisha lugha asiyoimudu anaishia kumwambia mwanawe "kaa", "kula", "lala" na basi. Hadithi zinakufa, utani unakufa, na mtoto anakosa chakula hasa cha lugha.

Kwa hiyo barua ikifika, usiitupe. Bila saini yako kwa kawaida hawawezi kumpima mtoto kwa mara ya kwanza, wala hawawezi kuanza kumhudumia. Ukisaini hapa Kentucky, shule ina siku 60 za masomo kukamilisha upimaji na, akistahili, kuanza huduma, kwa hiyo andika tarehe mahali. Kwenye kikao cha wazazi na shule cha kuamua kama mtoto anastahili huduma, wenyewe wanakiita ARC, una haki ya mkalimani na gharama ni ya shule. Usikubali mtoto wako mwingine akutafsirie. Waambie lugha ya nyumbani kwa jina lake, iwe Kibembe, Kifuliiru au Kinyarwanda, hata kama fomu imeandikwa Kiswahili. Mpango wenyewe wa huduma za mtoto, IEP, hupitiwa kila mwaka, na unaweza kuomba kikao kabla ya hapo. Tena mrekodi mtoto kwenye simu akicheza na ndugu zake, dakika mbili tatu tu, kwa lugha yoyote anayojisikia, uje nayo. Mimi huomba kuisikiliza hiyo kabla ya kufungua faili.