Siku moja maishani mwangu: kulivizia yai la mbwa, Seoul

Saa 12:30 asubuhi. Giza bado, baridi ya kukata masikio. Nawahi kwa sababu damu huchukuliwa muda uleule kila siku. Jike wetu, mbwa wa aina ya Beagle, yuko kwenye joto (kipindi cha kutaka dume), ananipa mguu wa mbele mwenyewe. Mililita 2 tu, kwenye kichupa kisicho na jeli, maana jeli hunyonya projesteroni, homoni ya uzazi tunayoipima, na majibu yakadanganya.

Saa 2. Mashine inatoa 5.8 (nanogramu za projesteroni kwa mililita). Jana 3.1, juzi 1.9. Raha ya mbwa ni kwamba homoni hii huanza kupanda kabla yai halijatoka kwenye ovari: ikifika 2 hivi, ile ya LH, inayoichochea ovari kutoa mayai, nayo imepanda ghafla, na siku mbili baadaye, projesteroni ikiwa kati ya 4 na 10, mayai yanatoka. Kwa hiyo leo ndiyo leo. Ila hatumgusi! Angekuwa ng'ombe, yai lingetoka limeiva. La mbwa hutoka changa, likakomalia kwenye mirija ya uzazi siku mbili hadi tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipoliacha humo siku moja zaidi na kuongeza magnesiamu kwenye maji ya kulelea mbegu za dume, mwaka 2015 walitangaza watoto 7 wa kwanza wa mbwa waliotungwa maabara.

Saa 4. Upasuaji wa kuchukua mayai ya jike mwingine, aliyeyatoa siku tatu zilizopita. Nusu kaputi, tundu dogo tumboni, mpira mwembamba kwenye mdomo wa mrija, kisha tunasukuma maji ya uvuguvugu. Sipendi kumpasua mnyama mzima wa afya. Ukikosea siku, umemuumiza bure.

Chini ya hadubini, mayai 11, meusi kama mbegu za papai, na utando wake. Ovari zilikuwa na makovu 12, kila kovu ni alama ya yai lililotoka; yai moja limetuponyoka. Weusi ule ni mafuta, na unaficha kiini, hivyo kwa macho huwezi kujua kama limeiva. Unaamini namba za damu.

Saa 7, chakula. Kaka ameandika kutoka Morogoro: "Mdogo wangu, yaani shule yote ile unasubiri mbwa?" Namjibu, "Ndiyo kaka, na analipa."

Saa 10. Naandika ubaoni: Beagle, upasuaji Jumamosi asubuhi. Watanzania wenzangu nimeshawaambia wanibakizie pilau.