Mti wa vigawo barazani Mikindani

Jumamosi asubuhi mpwa wangu wa darasa la sita alinijia barazani kwetu Mikindani akiwa na daftari, akaamkia, kisha akasema, "Mjomba, KKS imenishinda," yaani kigawo kikubwa cha shirika, namba kubwa kabisa inayozigawanya namba mbili bila baki. Nilimtungia swali la nyumbani kwao: mama yake ana korosho 84 za chumvi na 126 za pilipili, anataka kuzitia katika vifuko vyenye idadi sawa bila kuzichanganya wala kubakiza hata moja, je, kifuko kitachukua korosho ngapi kwa wingi kabisa?

Tulichora miti miwili sakafuni kwa mkaa. Chini ya 84 tuliandika 4 na 21, kisha 4 ikazaa 2 na 2, na 21 ikazaa 3 na 7. Chini ya 126 zilikaa 2 na 63, na 63 ikagawanyika hadi kufikia 3, 3 na 7. Mti huu humea kichwa chini, matawi yakishuka kama ya mkorosho mzee yanayogusa mchanga, nao huishia kwenye namba tasa tu, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hata kama tungeianza 84 kwa 7 na 12, tungefika kwenye tasa zilezile.

Kosa lake lilijitokeza hapo. Alikusanya kila tasa aliyoiona, 2 mara mbili na 3 mara mbili pamoja na 7, akapata 252, ambayo kwa kweli ni KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 84 na kwa 126. Nilimwambia ajumlishe korosho zote: ni 210, kwa hiyo kifuko chake kimezishinda korosho zenyewe! Alicheka, akafuta. Ndipo tukaunganisha kwa mstari kila tasa ya mti mmoja na mwenzake wa mti wa pili. 2 moja ya 84 ilikosa mwenzi, na 3 moja ya 126 vilevile. Waliopata wenzi ni 2, 3 na 7, ambao wakizidishwa hutoa 42, yaani vifuko viwili vya chumvi na vitatu vya pilipili.

Hata hivyo, namba zikiwa kubwa mti huchosha, na mimi huona njia ya mwanahisabati Mgiriki Euclid, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ya kutoa ndogo katika kubwa hadi zilingane, ni nyepesi zaidi: 126 toa 84 ni 42, na 84 toa 42 ni 42 tena. Kwa njia hiyo, ukigawanya na kuchukua baki badala ya kutoa mara nyingi, 1081 na 1127 hutoa 23 kwa mistari mitatu. Mpwa wangu, aliyeng'ang'ania mti, hadi adhuhuri alikuwa bado anaijaribu 1081 kwa 13.