Siku mtaa ulipomfukuza Bosi

Hii ilikuwa 2017, mwezi wa kumi, msimu wa korosho ndo umechanganya, Mtwara mjini, mtaa wenyewe siutaji. Mjomba wangu alikuwa na mbwa anaitwa Bosi, mweusi, kifua kipana, ana madoa ya kahawia juu ya macho. Alimpata kwa mzungu mmoja wa mambo ya gesi, mjomba alikuwa anamlindia nyumba, mkataba ukaisha mzungu akaondoka mbwa akabaki. Watu wote wakamuita rotwaila, ile aina ya mbwa wakubwa wa kizungu wa kulinda. Lakini mama yake Bosi mi nilimjua, alikuwa mbwa wa kawaida wa hapahapa, mkia umejikunja kama ndoano, sema ukimwangalia Bosi usoni unaona rotwaila basi.

Sasa siku moja jioni mtoto wa jirani, wa kama miaka nane, akang'atwa mguuni. Kabla ya magharibi mtaa mzima unajua, rotwaila kang'ata mtoto. Mama yake alikuwa anamuosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba, dakika 15 nzima kama alivyoelekezwa, halafu mi nikampakia kwenye pikipiki na mama yake nyuma tukawahi sindano za kichaa cha mbwa. Njiani mtoto analia ananiambia, "Kaka sio Bosi, ni yule mwekundu, tulienda kuchukua watoto wake." Kumbe kuna jike alikuwa amezaa chini ya mkorosho pale kwenye kinjia, hana mwenyewe, na watoto walikuwa wanamnyang'anya vitoto vyake. Bosi siku hiyo alishinda na mnyororo wake nyuma ya seng'enge.

Jumapili kikao. Mwenyekiti akasema majerimani, yaani mbwa wa Jerimani Shepadi, na marotwaila yote yatoke mtaani ndani ya siku saba, yakikutwa yanauliwa. Mbwa wengine hakuwataja kabisa. Bibi mmoja akasema mbwa ni najisi, akikugusa na mate unaosha mara saba na moja ya udongo, hilo sikubishana nalo, ndo dini yetu, na mjomba mwenyewe alikuwa na nguo zake za kumhudumia mbwa na nguo zake za kuswalia, hajawahi kuzichanganya hata siku moja.

Kuna bwana mmoja alikaa sana Dar akainuka, anasema hata Uingereza hawa mbwa ni marufuku kwa sheria. Hapo nikashindwa kukaa kimya, maana usiku wake nilikesha na simu nasoma hiyo kitu. Nikasema kweli sheria ipo, ya 1991, ila imetaja aina nne, pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, rotwaila hayumo kabisa. Na mbwa kule anahukumiwa kwa umbo lake, wanampima na kumwangalia, hata kama hajawahi kumgusa mtu. Waholanzi nao walipiga marufuku pitibuli 1993, wakaja kuifuta 2008 kwa sababu watu waliendelea kung'atwa vilevile. Nikasema tuandike kila mbwa afungwe mchana, kila mbwa achanjwe, na mwenye mbwa aliyeng'ata alipe matibabu, awe mkubwa awe mdogo.

Mzee mmoja akanikata. "Njomba, unatetea mbwa kuliko mtoto wa mwenzio?"

"Shikamoo babu. Huyo mtoto nimempeleka sindano mimi, sitaki ang'atwe tena, ndo maana naomba tumtafute mbwa aliyemng'ata."

Mama wa mtoto akasimama, akasema mwanangu anasema ni yule mwekundu. Akasema mara mbili. Watu wanamwitikia eeh mama, eeh mama, halafu wakanyoosha mikono Bosi aondoke. Mpaka leo hiyo mikono naiona. Walikuwa watu wema wale, wengi wao walichanga hela ya nauli ya sindano, sema walikuwa na hofu na hofu ilitaka sura, na Bosi ndo alikuwa na sura.

Mwisho wa 2023 Uingereza wakaongeza aina ya tano, XL Bully, miaka 32 baada ya ile sheria ya kwanza. Niliposoma nikamkumbuka mjomba.

Siku ya sita tulimpakia Bosi kwenye toyo kwenda shamba kwa ndugu huko Nanyamba. Alipanda mwenyewe, alidhani tunaenda matembezi. Mjomba hakuongea njia nzima. Msimu ule akawa analala nje na tochi kulinda magunia ya korosho, na homa yake ya kifua.

Na nilipokuwa narudi jioni ile nikapita kinjia cha mkorosho. Yule mwekundu yupo palepale amelala na vitoto vyake, hana kamba, hana chanjo, na watoto watatu wamechuchumaa mbele yake wanamwita kwa kipande cha muhogo.