Usajili wa Raga Uanzie Safu ya Mbele

Dirisha la usajili linapofunguliwa, mazungumzo ya Dar es Salaam hutawaliwa na Simba na Yanga: nani ametua uwanja wa ndege, nani ameongezewa mkataba, nani anatolewa kwa mkopo. Sisi wachache tunaofuatilia raga kupitia king'amuzi hujikuta tukizipima timu zetu kwa mizani hiyohiyo, nami ninaamini kwamba mizani hiyo inatupotosha. Katika soka, mshambuliaji mmoja mwenye mabao mengi anaweza kuinusuru timu isishuke daraja. Katika raga hakuna mtu wa namna hiyo, kwa sababu winga mwenye mbio kuliko wote hataugusa mpira iwapo watu wanane walio mbele yake wanasukumwa nyuma katika kila skramu, yaani pale wanane wa kila timu wanapofungamana na kusukumana kuugombea mpira.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa Sharks ya Durban, timu ninayoishabikia. Mwaka 2021 wawekezaji kutoka Marekani walinunua asilimia 51 ya hisa zake, na fedha za usajili zikaanza kuonekana. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, na Bongi Mbonambi, huka (mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele wa skramu), walitoka Stormers ya Cape Town, kisha mwaka 2022 Eben Etzebeth, loki (mmoja wa warefu wawili wa mstari wa pili), akarejea nyumbani kutoka Toulon ya Ufaransa. Walipoungana na wenzao wa timu ya taifa, Ox Nche, Lukhanyo Am na Makazole Mapimpi, ilionekana wazi kwamba vikombe vingefuata. Kolisi aliondoka mwaka 2023 kwenda Racing 92 ya Ufaransa, lakini wengine walibaki, na hata hivyo msimu wa 2023/24 timu hiyo ilimaliza ya 14 kati ya timu 16 za United Rugby Championship, ligi ya timu za Afrika Kusini na za Ulaya.

Wapo waliosema kwamba wachezaji hawakujituma. Sikubaliani nao hata kidogo. Ligi ilianza kabla fainali ya Kombe la Dunia haijachezwa Paris tarehe 28 Oktoba 2023, kwa hiyo Sharks iliingia msimuni, chini ya kocha mpya, bila wale iliowategemea zaidi, waliokuwa na timu ya taifa ya Afrika Kusini. Nao waliporudi na ubingwa wa dunia walihitaji kupumzika, kwani mwili wa mchezaji wa raga hauwezi kutumikishwa miezi kumi na miwili mfululizo. Mei 2024, wakubwa wakiwa wamesharejea, kikosi hichohicho kilitwaa Challenge Cup, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Ulaya, jijini London kwa kuifunga Gloucester 36-22. Uwezo ulikuwapo. Kilichokosekana ni watu wa kucheza zile wiki ambazo wakubwa hawapo, na wiki hizo ni nyingi kwa timu yoyote inayojaza kikosi chake nyota wa timu ya taifa.

Ndiyo maana swali la kwanza ambalo benchi la ufundi la timu inayosuasua lingepaswa kujiuliza kuhusu mchezaji yeyote ni kama atapatikana siku ya mechi, na sifa zake nyingine zifuate baadaye.

Swali la pili linahusu safu ya mbele, yaani mapropu wawili, wale wanene wanaobeba uzito wa skramu, na huka aliye katikati yao. Katika raga ya kulipwa kikosi cha siku ya mechi kina wachezaji 23, na kati yao lazima wawepo sita waliofundishwa kucheza nafasi hizo tatu, kwa kuwa skramu ni hatari kwa shingo na uti wa mgongo na huwezi kumpeleka pale mtu asiyeijua kazi. Ukiongeza majeruhi ya msimu mzima, sita hao hawatoshi. Unahitaji karibu mara mbili yao. Kumkomaza propu huchukua miaka mingi kuliko kumkomaza winga, kwa hiyo wazuri ni wachache sokoni na klabu zao huwashikilia. Vilevile, uhamisho wa raga kwa kawaida husubiri mkataba wa mchezaji uishe, na ada kubwa za kuuvunja mkataba, kama tunazozisikia katika soka, ni nadra. Timu inayogundua udhaifu wa skramu yake katikati ya msimu huwa imekwishachelewa, na mashabiki hulipa gharama hiyo kwa kutazama timu yao ikiadhibiwa kwa penalti baada ya penalti.

Usajili wa Sharks wa mwaka 2024 ulinifurahisha kwa sababu ulionyesha kwamba jambo hili limeeleweka. Kolisi alirudi, na Andre Esterhuizen akatoka Harlequins ya Uingereza, lakini mimi niliwashangilia zaidi propu Trevor Nyakane aliyetoka Racing 92, loki Jason Jenkins aliyetoka Leinster ya Ireland, na mpiga mateke Jordan Hendrikse aliyetoka Lions ya Johannesburg. Septemba 21 mwaka huohuo, siku ambayo timu ya taifa ilikuwa inacheza Argentina, Sharks ilikutana na Lions hiyohiyo katika fainali ya Currie Cup, kombe la ndani la Afrika Kusini, kwenye uwanja wa Ellis Park. Hendrikse alipiga penalti ya mwishoni kutoka karibu mita 60, na Sharks ikashinda 16-14. Msimu wa 2024/25 timu ilimaliza ya tatu kwenye ligi.

Uingereza kuna mfano wa tatizo tofauti. Newcastle Falcons ilipoteza mechi zote 18 za ligi katika msimu wa 2023/24, nayo haikuwa na fedha za kushindana na wenzake. Mwaka 2025 ilinunuliwa na Red Bull na kubadilishwa jina. Natumaini fedha hizo zitaanzia kwa mapropu, maana kishawishi cha kununua jina la kuuzia jezi ni kikubwa.

Hata hivyo, usajili bora kuliko wote katika historia ya Sharks, kwa maoni yangu, haukuhitaji fedha nyingi. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, aliingia katika akademi ya Durban akiwa kijana anayecheza safu ya nyuma ya skramu. Kocha Dick Muir aliutazama mwili wake na nguvu zake, akamshawishi ahamie nafasi ya propu. Aliichezea Afrika Kusini mechi 117, na Novemba 2019 huko Yokohama aliisambaratisha skramu ya Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia. Vincent Tshituka, ambaye naye ameichezea Sharks, pia alizaliwa nje ya Afrika Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa hiyo ningependa wasaka vipaji wa Durban watazame kaskazini zaidi. Nairobi, Kampala na Kakamega zina timu zenye ushindani wa kweli, na hapa Dar es Salaam na Arusha wapo vijana wenye maumbo makubwa wanaocheza raga kwenye viwanja vichache bila kuonwa na yeyote. Majaribio ya siku tatu jijini Nairobi, kwa vijana wa miaka 18 na 19, yangewafikia hata wanaosafiri kwa basi kutoka Ubungo, na nafasi chache za akademi kwa watakaofaulu zingegharimu sehemu ndogo tu ya mshahara wa nyota mmoja. Nafasi hizo zitolewe kwanza kwa mapropu na mahuka, kisha maloki, na mawinga wasubiri.